Askari Aliyevuka Mto Doubs

Asubuhi ile ya Juni 1940, Odile Froidevaux alikamua ng'ombe huku mizinga ikinguruma ng'ambo ya mto, upande wa Ufaransa. Mumewe alikuwa jeshini, akilinda mpaka wa Uswisi. Nyumbani walibaki yeye na baba mkwe wake, mzee Anselme.

Alipofungua banda la nyasi, alimkuta askari wa Poland, mmoja wa waliopigana upande wa Wafaransa. Alikuwa amelowa chapachapa, mguu unavuja damu, bunduki mapajani.

"Baba! Njoo upesi!"

Mzee alishika kichwa. "Huyu anawakimbia Wajerumani. Tumpe nguo za mwanangu, ajiendee zake akapigane. Bunduki tuifukie humu."

"Na Wajerumani wakijua? Si watakuja kutuchoma?"

"Basi arudi alikotoka!"

"Wamuue, Baba?"

Odile alifunga kile kidonda, akampa mkate na jibini. Kisha akamkimbilia jirani yao Jobin, mlinzi wa mpaka.

Jobin alifika akanyoosha mkono. Askari aliikumbatia bunduki yake kwanza, kisha akaitoa.

"Unampeleka kwa Wajerumani?" Odile aliuliza.

"Hapana, dada. Nchi yetu haina upande katika vita hivi. Askari wa kigeni akiingia, tunamnyang'anya silaha, tunamtibu, tunamweka kambini mpaka vita viishe. Hatumrudishi auawe, wala hatumwachi akapigane tena."

"Lakini huyu ni mtu mwema!" mzee alibisha.

"Mzee, ukimsaidia huyu apigane, wale watasema sisi ni maadui zao. Utakuwa umewapa sababu."

"Na wakija bila sababu?" Odile aliuliza.

Jobin alitundika ile bunduki begani. "Ndiyo maana mumeo yuko mpakani. Asiye na upande naye hulinda mlango wake."

Mchana Wajerumani walitokea ng'ambo. Mmoja akapaza sauti: "Mmemficha mtu tunayemsaka!"

"Yuko mikononi mwa jeshi la Uswisi," Jobin alijibu. "Hana silaha tena."

Mwishowe wale watu wakageuka, wakaenda zao.

Mwaka 1944 vita viliwageukia Wajerumani. Safari hii aliyeingia bandani alikuwa Mjerumani, njaa imemkausha. Mzee Anselme aliinua uma wa nyasi. Odile akapita mbele yake, akamwomba askari bunduki, akaipokea. Kisha akamkatia mkate na jibini.

"Kamwite Jobin, Baba."

"Jibini pia?" mzee alinung'unika. "Huyu?"

"Jibini pia, Baba. Kama yule wa Poland."