Mto wa Blanketi la Kijivu

Jumamosi ya tarehe 11 Machi 2017, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yetu yalipoharibika. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa nyuma ndani ya ukumbi wa mtaa wetu, Malvern. Nilikuwa nimetoka zamu ya ulinzi, usingizi ukanizidi nguvu. Nikasikia pu! Halafu mtoto akalia.

Kabla ya kilio kile, Jumamosi zetu zilikuwa na utaratibu. Binti yangu Arlène, mwenye miaka kumi na mmoja, alifua sare yake ya shule asubuhi na mapema. Tulikunywa chai, tukafuata Jules Street mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukavuka, tukaingia ukumbini. Huko Mwalimu Mayasa aliwafundisha jimnastiki watoto wa miaka mitano na sita. Siku nyingine za wiki alikuwa fundi cherehani kule Doornfontein.

Mimi sikusoma sana, lakini kazi nzuri ikifanyika mbele yangu naijua. Mwalimu Mayasa, mama wa Tanga, hakuanza kwa kumwambia mtoto aruke. Alitandika sakafuni blanketi zito la kijivu, lililokwaruza kama gunia, akalikunja mara nne likawa jembamba.

"Huu ni mto," alisema. "Nani atavuka bila kulowa?"

Kwanza watoto walivuka kwa kutembea tu. Wiki nyingine waliongeza kukimbia hatua tatu. Mguu mmoja unasukuma sakafu, mwingine unatangulia hewani, na ule uliotangulia ndio unaotua, goti likiwa laini. Mwalimu aligeukia ukutani, akafumba macho na kusikiliza.

"Nani kavuka? Mbona sijasikia mtu?"

Watoto waliziba midomo wakicheka. Wote walipovuka mara tatu bila kishindo, ndipo alipokunjua blanketi mkunjo mmoja, mto ukapanuka kidogo. Kuna kundi lililokaa wiki sita kwenye mkunjo uleule, na hakumfokea mtu.

"Hewani hapafundishiki, Baba Arlène," aliniambia siku moja. "Mimi nafundisha kuondoka na kutua. Huko katikati watapajua wenyewe."

Arlène alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama mbele kuwaonyesha wadogo. Nilimtazama nikasema moyoni, laiti mama yake angekuwepo. Mama yake alifariki akiwa kwenye foleni ya hospitali, wenye vyeo wakiwa ndani wanakunywa chai.

Pale ukumbini pia wenye vyeo walikuwepo. Magodoro sita ya mazoezi yalifungiwa stoo, na ufunguo alikuwa nao Papa Placide, mwenyekiti wa kamati. "Yanatunzwa kwa ajili ya wageni," alisema. Wageni gani? Sijawahi kuwaona. Kila Jumamosi Mwalimu Mayasa alikwenda ofisini kwake kuuomba ufunguo, na kila Jumamosi alirudi mikono mitupu. Siku ile alipotoka alimwachia Arlène maagizo: "Mikunjo minne tu. Msikunjue mpaka nirudi."

Basi, niliposikia kile kilio nikafumbua macho. Hénock, mtoto wa miaka mitano, alikuwa chini ameshika mkono wake. Nikamuuliza Arlène kumetokea nini.

"Sakafu, Papa! Sakafu inateleza. Wamepaka nta nyingi."

Kweli, sakafu ya ukumbi hupakwa nta nyekundu mpaka ing'ae. Sikuuliza swali la pili. Nilikwenda ofisini mbio, nikamkuta Mwalimu bado amesimama mlangoni anaomba.

"Mwenyekiti, mmemvunja mtoto kwa nta yenu!"

"Baba Arlène, punguza sauti," alisema mwenyekiti.

"Sauti yangu mnaisikia, lakini magodoro tunayoomba hamsikii!"

Papa Placide alivua miwani. "Kumbe sakafu yetu ni ya hatari? Sharp, sawa. Basi hakuna kuruka tena humu ndani."

Mchana ule karatasi ilibandikwa mlangoni: MAZOEZI YAMEFUNGWA. Mama Célestine, msusi wa nywele, alimpeleka mwanawe Hénock hospitali. Mfupa ulikuwa na ufa, Hénock akafungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko.

Wiki ile wadogo walihamia barabarani. Waliruka mfereji ulioko kando ya lami, magari yakipita karibu. Mwalimu Mayasa alipata habari, akaja mbio kuwaondoa, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi yake. Hakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

Siku ya Alhamisi nilifungua sanduku la marehemu mke wangu. Huwa nalifungua, nakunja upya nguo zake, nalifunga. Kitenge chake cha samaki wa bluu, alichokivaa mara mbili tu maishani, kilikuwa na mstari mrefu mwekundu. Nilikinusa. Ilikuwa nta.

"Arlène, njoo hapa."

Alikiona kitenge mkononi mwangu, akakaa chini palepale.

"Shekinah alinicheka, Papa," alisema. Shekinah ni mwanafunzi wa darasa lake. "Alisema, 'Eish, mwalimu mzima anarukisha watoto juu ya blanketi la mgonjwa!' Nikataka mto wetu uwe mzuri. Nikachukua kitenge cha mama."

"Ulikikunja mara nne?"

"Nilikikunjua chote. Nilitaka samaki waonekane. Hénock hakufika ng'ambo, akakikanyaga, kikakimbia naye. Nikakificha kabla hujafumbua macho."

Blanketi la mwalimu lilikwaruza, ndiyo maana lilishika sakafu. Kitenge bado kilikuwa kipya, juu ya nta kiliteleza kama sabuni. Nilikuwa nimepiga kelele ofisini kwa jambo ambalo sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimelala.

"Ukisema, huenda Mwalimu hatakutaka tena," nikamwambia.

"Najua, Papa. Lakini nisiposema, watoto watagongwa na magari."

Jumamosi tulikusanyika ukumbini: Papa Placide, Mwalimu Mayasa, Mama Célestine na Hénock mwenye plasta. Arlène alitandika kitenge mbele yao na kueleza yote, hata samaki. Akamgeukia Mama Célestine.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyempanulia mto."

Mama Célestine alimtazama sana. "Mwanangu hawezi hata kujifunga kiatu," alisema. Kisha akapumua. "Utakuja kila asubuhi kumfunga. Mpaka apone."

"Na mimi," nikasema, "nilikuwa nimelala, nikaamka na hasira."

"Na mimi," alisema Mwalimu Mayasa, "niliacha watoto wadogo mikononi mwa mtoto. Sitafanya hivyo tena. Hata kama ni kuomba ufunguo, tutakwenda wote kwa mstari."

Papa Placide alikohoa, akaibandua karatasi mlangoni. Akasema mazoezi yaendelee, na suala la magodoro kamati italijadili.

Mwalimu alimshika Arlène bega, akatueleza sote, wakubwa kwa wadogo. "Kosa hili likiwa limefichwa, tulifunga ukumbi mzima, na bado hatukujua kilichomwangusha mtoto. Limesemwa, tumejua. Tatizo ni kitambaa na haraka, na vyote viwili vinarekebishika. Anayesema kosa lake anatuonyesha sote pa kukanyaga. Arlène, kalete blanketi. Mikunjo minne."

Kila asubuhi, kabla ya shule, Arlène alikwenda kumfunga Hénock kamba za viatu. Mwisho wa Aprili plasta ilikatwa. Jumamosi iliyofuata Hénock alisimama mbele ya mto wa kijivu. Alikimbia hatua tatu, akasukuma sakafu, akapita hewani mikono wazi. Mwalimu alikuwa amegeukia ukutani.

"Nani kavuka? Mbona sijasikia mtu?"

Tulipiga makofi mpaka Papa Placide akatoka ofisini kuja kuangalia, ufunguo wa stoo ukining'inia kiunoni. Hénock alimwendea, bado anahema.

"Arlène alisema kosa lake," alimwambia. "Baba Arlène akasema lake. Mwalimu naye akasema. Papa Placide, na wewe, kosa lako lilikuwa lipi?"

Papa Placide aliitazama simu yake, ingawa haikuwa imelia. Huu ni mwaka 2019, Hénock sasa anavuka blanketi lililokunjuliwa lote, na bado tunasubiri jibu.