Mtwangaji wa Chini ya Mtambo

Kwanza mstari wa kwenye kioo cha kompyuta ulitikisika wakati hakuna aliyetembea. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, hata mbwa wamelala. Aristote, fundi mwenyeji wa Bukavu, aliikodolea macho kompyuta yake, akasonya.

"Papa Rosette, kuko mutu anatwanga uko nyuma?"

"Hakuna mutu," Delphin akajibu.

Delphin alikuwa mlinzi wa nyumba hiyo ya Area 49, Lilongwe, ambamo wahandisi walifanyia kazi yao. Kazi gani? Kuna watu waliowaza kujenga kituo cha umeme wa nyuklia, na kituo cha namna hiyo hakijengwi kabla ya kujua ardhi inaweza kukitikisa kwa nguvu gani. Basi mtambo wa kupima mtikisiko ulikuwa ukijaribiwa hapo uani, ndani ya shimo la zege. Ulikuwa na masikio, jamani! Kuku akipita, mstari unacheza.

Delphin aliishi chumba cha uani na binti yake Rosette, wa miaka saba. Mama wa mtoto, Godelive, alizikwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mwaka uliopita. Delphin hakulia msibani. Watu walimsema sana, waache waseme. Hakuwa mbaya, alikuwa amekufa ganzi tu, na duniani alibakiwa na Rosette peke yake.

Kesho yake, adhuhuri tena, mstari ukacheza. Pigo, pigo, kimya. Pigo, pigo, kimya. Delphin akaujua mkono huo. Godelive alikuwa na bega bovu. Akitwanga sombe, yaani kisamvu, alipiga mara mbili, akapumzika. Harufu ya majani mabichi ya muhogo ikapanda kutoka shimoni.

Rosette akamvuta shati. "Papa," akanong'ona, "maman iko chini. Anasema majani imeisha."

Mzazi mwingine angembeba mtoto akakimbia. Delphin alisema tu, "Mupelekee."

Mtoto akachuma majani ya muhogo kando ya ukuta, akapeleka, na kesho yake akapeleka tena, hadi ikawa kazi yake ya kila adhuhuri, kuinama juu ya lile shimo akicheka na mtu asiyeonekana, huku mapigo yakipanda kutoka chini mpaka vikombe vikagongana kabatini, na Aristote, msomi mzima, akawa anasali Salamu Maria chini ya meza, nguo zake zikinuka sombe naye hakuwa ameila.

Aristote ndiye aliyemleta Rachidi, Mwislamu wa Kindu anayeuza vitenge Dzaleka na anayejua mambo ya majini. Padri angesema nini? Hawakuulizana.

Rachidi akafukiza ubani, akasoma, akanyunyiza maji. Shimo likanguruma mara moja, kisha kimya.

"Imeenda," akasema kwa sauti ya chini. "Haikukuwa bibi yako. Ile ni jini, iliiga mukono ya marehemu. Na jini ya vile haiendaka mikono mitupu. Mulikuwa munaipa kintu?"

"Sombe tu."

"Nani alikuwa anapeleka?"

Delphin akamtazama Rosette. Rachidi akakusanya vitu vyake haraka, hata chai hakungoja.

Mstari ulikuwa umenyooka. Aristote alifurahi kama mtoto, akataka kuujaribu. "Papa Rosette, tembea!" Delphin akatembea, mstari ukacheza. Kuku akapita, ukacheza. "Njo vile! Sasa we, Rosette, ruka!"

Rosette akaruka kwa miguu yote miwili, vumbi likatimka. Mstari haukutikisika. Akaruka tena, akicheka. Haukutikisika, kana kwamba juu ya ardhi hapakuwa na mtu.

Aristote akaondoa mikono yake kwenye kompyuta polepole.

Machozi yaliyomkosa Delphin msibani yakaja sasa, yote kwa pamoja. Akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Ruka tena, mama yangu," akasema. "Ruka na nguvu."