Nguva wa Khachon

Katika pwani yote ya Trang hakuna anayenusa uongo kama mimi. Muulize yeyote. Ila usiulize habari za nguva waliochorwa pangoni, maana uongo ule niliukalia mlangoni miaka na miaka, nikiwachomea wageni ngisi, na sikuunusa.

Anchan alikutwa asubuhi, maji yalipokupwa, chini ya ngazi za pango. Ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni. Kicheko chake kilifika mpaka gatini. Sasa alilala kifudifudi topeni, kisogo kimepasuka, na kaa walikuwa wamewatangulia polisi.

Koplo wa kituo chetu hakuhangaika. Jana jioni Anchan na mumewe Thawin, mwenye mashua, walifokeana mbele za watu. Basi Thawin akafungwa pingu kwenye nguzo ya gati, akingoja maji yajae apelekwe mjini kushtakiwa kwa mauaji.

Ndipo akaja Inspekta Rampai kutoka mjini, mwanamke mfupi, suruali kaikunja mpaka magotini.

"Huyu uliyemfunga ni nani?"

"Muuaji, mkuu."

"Amekiri?"

"Analia, mkuu."

"Hata mimi ningelia. Kafiwa."

Akachuchumaa kando ya maiti. Akakwangua chini ya kucha za Anchan, alichokipata akakitia kwenye mfuko wa ushahidi. Kilikuwa chekundu. Damu haikuwa, damu ikikauka hugeuka kahawia.

Akamwendea Thawin.

"Mligombania nini?"

"Nguva."

"Unanitania?"

"Walahi sikutanii, mkuu. Alisema ni feki. Alitaka leo awaambie wageni wote. Nikamwambia, mwanamke wewe, wageni wakiacha kuja tutakula tope?"

Hapo nikakumbuka kitu. Nguva wale, eti walichorwa na watu wa kale, walikuwa wakinenepa kila mvua zikiisha. Tuliambiwa ni baraka. Mimi mwenyewe niliwahi kuombea mjukuu kwenye tumbo la yule mkubwa.

Mwenye ufunguo wa pango alikuwa Khachon, msimamizi. Mwanangu. Inspekta hakulijua hilo; yeye mgeni, na hakuniuliza. Aliingia naye ndani. Khachon alikuwa hajatia kitu tumboni, nikabeba wali wake, nikawafuata polepole, si unajua magoti.

Niliwakuta wamenipa mgongo. Inspekta alipitisha kidole kwenye tumbo la nguva, kikatoka chekundu.

"Rangi ya watu wa kale haikauki, mjomba?"

Akamwonyesha kidole.

"Anchan anayo rangi hii kuchani."

"Nilichora mimi," Khachon akasema. "Wote hawa. Kabla yao nani alishuka kwenye gati letu? Mbu! Leo kila nyumba ina mashua. Anchan akanikuta jana usiku na brashi mkononi, akacheka. Akasema atanitangaza. Kijiji kizima kingenitemea mate, Inspekta! Lakini alitoka hapa mzima. Nilichora, sikuua. Habari za kifo nimezisikia kwa kelele za watu, kama kila mtu."

"Ulikuja hapa asubuhi?"

"Kabla ya jua. Nikamwashia udi Bibi wa Pango, mzimu anayelinda mahali hapa, kama kawaida yangu. Sikuwa najua lolote."

Inspekta akainamia chungu cha mchanga mbele ya madhabahu. Kijiti kimoja cha udi kilisimama katikati, kimeungua mpaka chini.

"Kimoja?"

Khachon akajifuta jasho.

"Mjomba, mzimu wa mahali huwashiwa vijiti tisa. Buddha vitatu. Kimoja ni cha maiti, hata mtoto wa chekechea anajua. Ulimwashia maiti gani kabla maiti haijaonekana?"

Namjua mwanangu. Mzimu wa mtu aliyeuawa hauna msamaha, nasi sote huku tunauogopa. Asingethubutu kuondoka pale bila kuutuliza.

Khachon akakitazama kijiti.

"Cha mama yangu. Marehemu mama yangu. Leo ndiyo siku aliyofariki."

Alilisema kwa huzuni, nusura nijililie.

Inspekta akainuka taratibu, uso umelegea. Nje maji yalikuwa yamejaa. Nilisikia injini ya mashua ya polisi ikiwashwa, na Thawin akiita jina la mkewe. Ningeweza kurudi kinyumenyume. Giza lingenisitiri, na mwanangu angelala kitandani kwake.

"Khachon," nikasema, "marehemu amekuletea wali."

Inspekta akageuka. Akanitazama pua, akamtazama yeye pua. Kisha akapaza sauti kuelekea nje: "Koplo! Zima injini. Mfungue huyo kijana."

Akamrudia mwanangu.

"Haya, mjomba. Mama huyu hapa, na chakula chako. Kijiti kilikuwa cha nani?"

Khachon hakunitazama. Aliwatazama nguva wake.

"Cha Anchan," akasema.