Madumu Mawili ya Nusu

Mama Pacha alikuwa mtu wa kuunganisha. Nyumbani kwake hukuti chupa mbili za mafuta, kila moja nusu. Vipande vya sabuni alivibana pamoja mpaka vikawa sabuni nzima. Mumewe alimtania, "Siku moja utawaunganisha hawa pacha, tubaki na mtoto mmoja."

"Nitaanza na wewe na jirani," alimjibu, "labda nitapata mwanamume mzima."

Yeye na mdogo wake walifanya usafi chuo kikuu, katika jengo la kemia. Mdogo wake aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama Pacha ndiye aliyemtafutia kazi ile. Mama yao hakusema mengi siku hiyo. "Nimekukabidhi mwenzio. Mwangalie."

Asubuhi moja Mama Pacha aliingia maabara kupiga deki. Wanafunzi walikuwa wameshatoka. Chini ya meza aliona madumu mawili ya mabaki ya kemikali, yote nusu. Vibandiko vilikuwepo, lakini wino ulikuwa umefifia, na maneno yenyewe yalikuwa ya kitaalamu.

"Haba na haba hujaza kibaba," alijisemea. Akamimina la kwanza ndani ya la pili, taratibu, bila kumwaga tone. Akakaza kifuniko, akasuuza dumu tupu, akaenda kuosha ngazi.

Baadaye kidogo Chiriku aliingia kuchukua takataka. Akasikia kitu kinafoka kama birika. Dumu lilikuwa limevimba. Akalishika ili alitoe nje, akakuta ni la moto. Kifuniko kikaruka, moshi wa rangi ya kahawia ukamfunika uso. Alitoka mbio akikohoa.

Fundi wa maabara alikuwa mama mmoja wa makamo, na wote walimwita Bi Maabara. Alifunga mlango, akawatoa watu wote kwenye jengo, akapiga simu zimamoto. Kisha akawakusanya uani.

"Unajisikiaje, binti?" alimwuliza Chiriku.

"Kikohozi tu, na kimeshaisha. Naenda nyumbani nikanywe maziwa, yataniondolea sumu."

"Maziwa huenda tumboni. Wewe umevuta kwa mapafu. Kaa hapo kwanza." Bi Maabara akawageukia wengine. "Jana niliacha madumu mawili. Leo nimeona moja limejaa. Nani ameyagusa?"

Mama Pacha alitazama viatu vyake. Aliwaza kazi. Aliwaza pacha wake. Nyuma yake Chiriku, aliyechoka kungoja, alikuwa ameshatundika mkoba begani na kuelekea getini.

"Lakini si amepona?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti ndogo. "Kuna haja gani ya kujua?"

"Sikiliza, mwanangu. Dumu moja lilikuwa na asidi kali, jingine spiriti. Vikikutana vinapigana, na moshi wake ni mwongo. Unakukohoza kidogo, kisha unakuacha. Unakwenda nyumbani, unakula, unalala. Saa kadhaa baadaye mapafu yanajaa maji. Daktari asipojua umevuta nini, atakupa dawa ya kikohozi na kukuaga. Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

Mama Pacha aligeuka. Chiriku alikuwa amefika getini.

"Ni mimi," alisema. "Niliyachanganya mimi. Nifukuzeni, lakini mrudisheni mdogo wangu."

Bi Maabara alikuwa ameshaanza kukimbia.

Hospitalini Bi Maabara aliandika majina ya kemikali zote mbili kwenye karatasi, akamkabidhi daktari. Chiriku alilazwa akinung'unika kwamba wanamdekeza. Mchana kutwa aliwasimulia wagonjwa habari za wanaume waliomposa. Jioni alinyamaza. Kifua kilianza kupanda na kushuka kwa shida, na midomo ikabadilika rangi. Lakini muuguzi alikuwa karibu, na oksijeni ilikuwa tayari. Mama Pacha alimshika mkono akahesabu pumzi zake, moja moja.

Siku ya tatu daktari alimwambia, "Atapona. Angekuwa nyumbani, leo tungekuwa tunakupa pole."

Wiki ile mkuu wa idara alimwita Mama Pacha ofisini.

"Nani alikuruhusu kuchanganya madumu?"

"Hakuna, bwana mkubwa."

"Na nani alimkataza?" Bi Maabara, aliyeitwa pia, aliingilia. "Miaka minne anasafisha humu. Wanafunzi tuliwafundisha mwezi mzima. Yeye tulimpa fagio. Na mimi ni mmoja wa waliompa."

Mkuu alivua miwani. Mama Pacha hakufukuzwa. Mwezi uliofuata wafanya usafi wote waliingia darasani kwa mara ya kwanza. Madumu ya asidi yalipakwa rangi nyekundu, ya spiriti buluu, na kila aina ikapewa kabati lake. Vibandiko viliandikwa kwa maneno ambayo kila mtu anayasoma. Walijifunza kwamba mabaki hayaunganishwi kamwe. Dumu likiwa la moto, likivimba au likifoka, usiliguse: toka, funga mlango, waite wenzako. Kemikali ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa nzima ndipo uende kwa daktari.

Mama Pacha aliombwa awasimulie wafanyakazi wapya.

"Hukuogopa kusema?" mmoja alimwuliza.

"Niliogopa. Nikasema nikiogopa hivyo hivyo."

Muhula uliofuata dumu jingine lilipata moto. Mfanya usafi mgeni hakuligusa. Alifunga mlango, akapaza sauti, na jengo likawa tupu mara moja. Hakuna aliyekohoa. Uani, kabla Bi Maabara hajauliza neno, mwanafunzi mmoja alisogea mbele.

"Ni mimi," alisema. "Nimekosea dumu la kumiminia."

Mama Pacha alimpa karatasi na kalamu.

"Andika, mwanangu," alimwambia. "Andika kemikali zote mbili."