Kuku Watano na Mbwa wa Bourhane

Kila asubuhi Zouhoura alifagia ua wake, kuanzia mlangoni hadi ukutani. Ulikuwa ua mdogo wa mawe, juu kabisa ya vichochoro vya Mutsamudu. Alifagia kote isipokuwa pembe moja. Katika pembe hiyo alifungwa mbwa.

Zouhoura hakumgusa mbwa huyo, wala mtu mwingine hakumgusa. Alimrushia chakula kwa mbali, akammiminia maji kwa kopo lenye mpini mrefu, kisha akaingia ndani. Mtaa mzima haukuwa na mbwa mwingine, na majirani hawakuchoka kumkumbusha.

Mbwa alikuwa wa mumewe, Bourhane, mlinzi wa ghala bandarini. Fundi wa chuo, mwalimu wao wa Kurani, hakumkataza kumfuga. Alisema mbwa wa ulinzi ana kazi yake, mradi chombo chake kiwe mbali na vyombo vya watu. Bourhane alimwita Kamanda.

"Kwa nini Kamanda?" wenzake bandarini walimwuliza.

"Analala mchana kutwa, anakula asichokitolea jasho, na sote tunamwogopa," alijibu.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini ulikuwa mwaka wa saba tangu mamluki na kamanda wao waje na bunduki na kuishika nchi, na mzaha kama huo haukufaa kusikika. Ulisikika. Siku ya tatu askari walimchukua Bourhane, wakampakia melini, akafungwa Moroni. Mwaka ukapita na miezi minne juu yake, bila barua. Tangu siku ile hakuna aliyelitamka jina la mbwa. Aliitwa mbwa tu.

Bourhane aliacha binti, Rahmati, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu. Nywele zake zilikuwa nyepesi na zimegeuka rangi. Miguu yake ilivimba. Zouhoura alimpeleka zahanati. Muuguzi akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, na shimo likabaki.

"Huyu anakula nini?"

"Mhogo. Na chai."

"Mhogo unajaza tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Mpe samaki, mpe dengu, mpe yai kila siku, lililoiva vizuri. Nitamwangalia kila wiki. Sikufichi, dada. Akiendelea hivi atakufa."

Zouhoura alirudi nyumbani na maneno hayo kifuani. Kesho yake alichukua shiromani yake mpya, ile nguo ya kujitanda ambayo mama yake alimpa siku ya harusi. Alipanda nayo hadi kijiji cha Patsy. Huko aliibadilisha kwa kuku watano walio karibu kutaga. Alishuka nao kapuni huku anazungumza nao njia nzima kama mtu aliyepata wageni.

Alipofika uani alifungua kapu, akawaachia hapo hapo.

Sasa, msomaji, ujue jambo moja. Kwa miezi mingi, kila jirani alipochinja kuku wa shughuli, Zouhoura aliwekewa mabaki kwa ajili ya mbwa. Aliletewa vichwa, matumbo na miguu, vyote vibichi na vya manyoya. Alimrushia mbwa, naye mbwa alividaka hewani. Hakuna aliyefikiri kwamba mbwa anasomeshwa.

Kuku mmoja alimwona mbwa, akashtuka, akaruka huku anapiga kelele. Mbwa alijitupa mbele. Kamba ya zamani ikakatika. Zouhoura alipata tu kushika ufagio. Alipomrudisha mbwa pembeni, kuku wawili walikuwa wamekufa na wa tatu amechanika bawa. Huyo wa tatu alikufa kabla ya adhuhuri. Rahmati alikuwa amesimama kizingitini, akiona yote.

Soidri, kaka yake Zouhoura, alikuja kutoka bandarini. Nyumba ilikuwa ya mama yao, na kwa desturi mjomba ana neno katika nyumba ya dada yake. Alikuja na jiwe na kamba mpya.

"Mbwa huyu alimtia shemeji jela," alisema. "Sasa anamtia mpwa wangu kaburini. Namtupa baharini leo."

"Kaka, naomba. Askari walipokuja mara ya pili kupekua nyumba, ni nani aliyenishtua? Alibweka, nikapata nafasi ya kumtoa mtoto kwa jirani. Wakija tena, wewe utakuwa wapi?"

Soidri alitupa jiwe chini, akaokota kuku aliyekufa.

"Basi avae huyu. Nimesikia mbwa akifungiwa mzoga shingoni mpaka uoze, hatagusa kuku tena."

Wakamfungia. Kulikuwa na joto kali. Siku ya pili nzi walijaa uani. Mbwa hakula. Alimngurumia kila aliyepita, hata Rahmati, ambaye hakumtenda lolote. Mtoto akakataa kutoka nje. Kuku wawili waliobaki walijibana nyuma ya kuni, wala hawakutaga. Zouhoura alikaa jikoni akalia. Alikuwa ameitoa nguo ya mama yake, na bado mtoto alikula mhogo.

Siku ya tatu ilibishwa hodi. Alikuwa Koultoumi, mwanamke wa Patsy aliyempa wale kuku. Alifanya kazi ya kuzunguka vijijini na kuwafundisha watu ufugaji. Aliziba pua tangu mlangoni.

"Nimekuja kuwaona wanangu," alisema. "Ni nini kinachonuka?"

Zouhoura alimsimulia yote, macho chini. Koultoumi hakumcheka wala hakumgombeza. Alizungusha kitambaa mkononi, akamkaribia mbwa polepole kwa ubavu, akakata kamba ya mzoga. Kisha akaufukia shimoni.

"Mbwa hajui kwamba anaadhibiwa kwa jambo la juzi," alisema. "Anachojua ni kwamba watu wakija karibu, anaumia. Mmemfundisha kuwachukia ninyi, si kuku."

"Na kuku alijifunza kuwala wapi, Bweni?" aliuliza Zouhoura, akimwita kwa heshima kama bibi mkubwa.

"Ulimlisha mwenyewe. Vichwa vibichi na manyoya! Kwake kuku ni sahani yake. Tena kiumbe kikikimbia mbele ya mbwa, mbwa hufukuza. Hata usingemlisha, hukupaswa kuwaachia pamoja siku ya kwanza."

"Basi hafai. Kaka yangu amuue."

"Sijasema hivyo. Anafungwa siku zote?"

"Siku zote."

"Hata wewe ungepata wazimu. Sikiliza. Kwanza kuku wawe na banda lao, lenye seng'enge na paa, na mawe chini ili asichimbe. Kila asubuhi mtembeze mbwa kwa kamba imara, halafu mlishe ashibe. Akichoka na kushiba, mlete uani, asimame mbali na banda. Akiwaona kuku na bado anakusikiliza wewe, mpe kipande cha utumbo wa samaki. Akikaza macho na kutetemeka, umemkaribisha mno. Rudi nyuma. Usimpige. Kesho sogea hatua moja."

"Nimshike mimi?" Zouhoura alirudisha mikono nyuma. "Mbwa?"

"Kamba kavu kwa mkono mkavu haina neno. Akikulamba, osha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Mikono huoshwa, mwanangu. Ninaogopa usije ukamwosha mtoto, ukamvika sanda." Akamwangalia Rahmati, miguu ile, kisha akamgeukia mbwa. "Mbwa anaitwa nani?"

Zouhoura alichungulia mlangoni.

"Hana jina," alisema Zouhoura.

"Mpeni. Hawezi kusikia asipoitwa."

Wakamwita Bawabu.

Soidri alinung'unika, lakini alileta mbao za masanduku yaliyovunjika bandarini na seng'enge kuukuu. Akajenga banda kwa siku mbili. Majirani walimwona Zouhoura akishuka kichochoroni na mbwa, wakageuza nyuso. Alipiga moyo konde, akapita.

Wiki ya kwanza Bawabu alisimama ukutani tu; Zouhoura alimwekea utumbo wa samaki chini, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Wiki ya pili alisogea hatua tatu, siku iliyofuata akaruka kuelekea banda, Zouhoura akamrudisha mwanzo. Alilia kwa hasira, kisha akaanza tena. Wiki ya sita mbwa alilala mbele ya seng'enge, kuku wanachakura upande wa pili, naye anapiga miayo. Hata hivyo Zouhoura hakuwaacha pamoja peke yao hata siku moja. Koultoumi alikuwa amemwonya: wako mbwa wasioaminika maisha yao yote, na seng'enge ndiyo dhamana.

Kuku walipoacha kuogopa walianza kutaga. Leo moja, kesho mawili. Zouhoura aliyachemsha mpaka yakaiva, akamlisha Rahmati, na dengu, na samaki alipopatikana. Uvimbe ukashuka. Muuguzi alibonyeza mguu tena, na shimo halikubaki. Zouhoura alitoka zahanati akakaa ngazini, akaubonyeza mguu tena kwa kidole chake mwenyewe.

Alasiri moja Bawabu alibweka. Mlango ulikuwa umesukumwa wazi. Mwanamume mwembamba, asiye na meno ya mbele, alisimama pale. Aliposikia mbweko aliegemea ukuta, akainua mikono yote miwili juu.

Zouhoura aliijua mikono ile kabla ya kuujua uso.

"Bourhane!"

Rahmati alipiga kelele, akakimbilia nyuma ya banda la kuku. Soidri, aliyekuwa anaziba paa la banda, alimshika mkono.

"Ni babako! Njoo umkumbatie!"

Mtoto alipiga mateke. Bourhane alinyoosha mikono kwake, naye akalia zaidi.

"Mwache, kaka," alisema Zouhoura. "Asilazimishwe." Alichukua kigoda, akakiweka ukutani, mbali. "Kaa hapo, mume wangu. Usimfuate. Leo akuone tu."

Bourhane alikaa. Kesho yake kigoda kilisogea hatua moja. Mambo ya Moroni hakuyasimulia. Upepo ukibamiza mlango, mikono yake ilipanda yenyewe. Siku moja alimtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Anaitwa nani sasa?"

"Bawabu."

"Vizuri," alisema, na hakucheka.

Siku ya tisa Rahmati alitoka bandani ameshika yai kwa mikono miwili. Alimwendea baba yake, akasimama kabla ya kumfikia. Aliliweka chini kati yao, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja, kama alivyomwona mama yake akimfanyia mbwa kila asubuhi.

Bourhane aliinama, akaliokota. Lilikuwa bado lina joto. Alilifumbata kwa vidole vyote, na Rahmati akadhani anataka kulivunja.

"Lichemshwe kwanza," alimwambia.