Vidonge Vitatu Kwenye Kopo

Auleria wa Bunju hatupi kitu. Sabuni ikibaki kipande chembamba, anakibandika kwenye mche mpya. Ndoo ikitoboka, anapandia mchicha. Basi mwanawe Gibson, wa miaka miwili na nusu, alipougua malaria na kupewa vidonge sita zahanati, mambo yakawa yale yale.

Asubuhi ya pili, Gibson alipomeza kidonge cha tatu, alitoka mbio kufukuza kuku.

"Huyu kashapona," Auleria akasema. Vidonge vitatu vilivyobaki akavitia kwenye kopo la majani ya chai. "Vitatufaa siku nyingine."

Jioni ile jirani yake Rukaiya akapiga hodi. Wanapanga nyumba moja. Chumvi na mkaa huombana kila siku.

"Shoga, Badru wangu anachemka. Una kidonge chochote cha malaria?"

"Vipo vitatu. Chukua vyote."

Wote wawili ni watu wema, na wote wawili walikosea.

Siku ya kumi homa ikamrudia Gibson. Safari hii alilegea, hata kikombe hakushika. Auleria akafungua kopo. Tupu! Alisahau kuwa vyote alishampa Rukaiya. Akambeba mtoto mbio hadi kwa Bi Mauwa, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, Bi Mauwa. Mwanangu ananifia!"

"Marahaba. Twende zahanati sasa hivi. Utanieleza njiani."

Gibson akapimwa damu. Wadudu wa malaria bado walikuwemo. Akaanzishiwa matibabu upya.

"Lakini alishapona!" Auleria akalia. "Alikuwa anacheza kabisa!"

"Homa ilishuka, wadudu hawakwisha," Bi Mauwa akamwambia. "Hii inaitwa dawa mseto. Kidonge kimoja kina dawa mbili. Moja inaua wadudu wengi haraka, ndiyo maana mtoto anachangamka. Nyingine inakwenda taratibu, inawamaliza waliobaki. Ukikatiza dozi, hao waliobaki wanazaliana tena."

"Na vile nilivyompa Rukaiya?"

"Dozi inapangwa kwa uzito wa mtoto. Haigawiwi kama chumvi. Kwanza, huyo Badru alipimwa?"

Badru hakupimwa. Kesho yake alipopelekwa, hakukutwa na malaria. Alikuwa na usaha sikioni, na siku zote zile alikuwa akiumia bure.

Safari hii Auleria hakubakiza kitu. Siku tatu, asubuhi na jioni, Gibson alikunywa uji wa maziwa kisha akameza dawa. Kila akimeza, mama alichora mstari wa mkaa ukutani. Mstari wa sita ulikuwa na ugomvi.

"Mama, mie nimepona!"

"Najua, baba. Meza."

Mwezi uliofuata Rukaiya akapiga hodi tena. "Shoga, Badru ana homa."

Siku hiyo kopo lilikuwa na majani ya chai tu.

"Dawa sina," Auleria akajibu, huku akivaa kandambili. "Ila miguu ninayo. Mbebe, twende akapimwe."