Jumamosi za Ariane

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la chumba chao ugenini, katika mtaa wa maghorofa wa Hillbrow, Ariane alikuwa ameshafungua kitabu cha baiolojia juu ya meza ya kupigia pasi. Lifti ya jengo ilikufa zamani, basi mama yake, Capitoline, alijitwika furushi la mitumba na kushuka ngazi, kwenda kulitandaza kando ya barabara katika mtaa wa Marshalltown. Kabla ya kutoka hakukosa neno.

"Soma, mwanangu. Mengine yote ni mchezo."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Kwao Burundi aliishia shule ya msingi. Mtihani mmoja tu ndio ulioamua nani aendelee na nani abaki nyumbani, naye ulimwacha nyumbani. Kwa hiyo Ariane alipoanza sekondari, mama alimtoa kwenye netiboli, akamtoa na kwenye kwaya ya kanisa. Ruhusa ilibaki moja: Jumamosi asubuhi, kuwasindikiza akina mama wa jengo kliniki. Wao hawakujua Kiingereza wala Kizulu, na manesi hawakujua Kiswahili. Ariane aliwatafsiria.

Mwaka 2012 alikuwa darasa la mwisho. Alitaka udaktari, hakutaka kingine. Siku moja alirudi kutoka shuleni uso umemshuka.

"Mama, chuo hakitazami alama za shule peke yake. Kuna mtihani wao wa kuingilia, kisha wanataka kujua unafanya nini nje ya darasa. Wanavipima vyote pamoja, halafu wanakuita kukuhoji."

"Nje ya darasa? Kama nini?"

"Kama netiboli. Kama kwaya."

Capitoline aliketi juu ya furushi lake. "Mama wee! Nimekufungia mlango kwa mikono yangu mwenyewe."

Armel, jirani aliyesoma naye darasa moja, aliona jambo jepesi.

"Eish, dada, unalia nini? Sema wewe ni kapteni wa netiboli. Binamu yangu anacho cheti, tunabadilisha jina tu."

"Na wakinipa mpira?"

"Ofisini? Utaudakia wapi, kwenye kabati?"

Ariane alicheka, lakini cheti alikipokea. Alikitia ndani ya kitabu cha baiolojia. Kila alipofungua kitabu alikiona, akafunga.

Jumamosi ilipofika alimpeleka kliniki Mama Zabibu, jirani kutoka Tanga, mgonjwa wa presha. Nesi alipima, akakunja uso. Aliuliza kama mgonjwa anameza vidonge vyake.

"Mwambie nameza kila siku," alisema Mama Zabibu. Kisha akanong'ona, "Niliviacha, mwanangu. Vinanipa kizunguzungu. Lakini usimwambie, atanigombeza."

Nesi alikuwa akimtazama Ariane, si mgonjwa.

"Mama Zabibu, nikimdanganya, ataandika dawa isiyokufaa, na mwili ni wako. Niruhusu niseme kweli."

"Haya, sema. Nikigombezwa, tafsiri taratibu."

Nesi hakugomba. Alimwita daktari, wakabadilisha vidonge.

Njiani Ariane alijiuliza. Yeye aliyemkataza mama mtu mzima kudanganya, mbona kitabuni mwake kuna cheti cha uongo? Jioni alimrudishia Armel cheti, mbele ya mama yake.

"Utakosa nafasi," Armel alimwonya.

"Nikikosa, nitakosa kwa jina langu."

Akajifunga kibwebwe. Hesabu ndizo zilizomyumbisha, basi akazirudia hizo hizo hadi mama akamwomba apumzike. Aliufanya mtihani wa kuingilia, kisha akaitwa kuhojiwa.

Mwanamke mmoja kwenye jopo alimuuliza, "Alama zako ni nzuri. Mtihani wetu umeufaulu, ingawa si kwa alama za juu sana. Lakini sioni mchezo wala chama chochote. Nje ya darasa unafanya nini?"

"Michezo sina," Ariane alijibu. "Nina Jumamosi." Akawaeleza kuhusu foleni ya kliniki, akina mama wanaoficha maradhi kwa haya, na neno moja linavyoweza kubadilisha dawa. Yule mwanamke aliweka kalamu chini, akamsikiliza.

Januari iliyofuata simu ililia. Amepata nafasi. Capitoline alipiga vigelegele hadi majirani wakajaa ngazini, Mama Zabibu akiwa mbele.

"Daktari wangu! Usije ukanigombeza wewe sasa!"

Vicheko vilipotulia, Capitoline aliwageukia wazazi na watoto waliokuwa wamekaa kwenye ngazi, Armel miongoni mwao.

"Nisikilizeni. Mimi nilidhani mtoto hupimwa kwa mtihani mmoja, nikamfungia mwanangu. Wazazi, msirudie kosa langu. Na ninyi watoto, someni kwa bidii, lakini pia muwe na kitu mnachokifanya kwa ajili ya watu. Mkiulizwa, semeni hicho hicho mlichofanya. Cheti cha kuazima kingempa Ariane nafasi ya mtu mwingine. Hii aliyopata ni yake."